Newtown: Kutoka chumba cha giza hadi jicho lenye ghorofa

Kwa zaidi ya karne moja picha ilikuwa kitu kinachoshikika mkononi: kioo, karatasi, mkanda wa filamu. Leo picha huzaliwa ndani ya kipande cha silikoni chenye matabaka yaliyopandana kama ghorofa, na kipande hicho kinaweza kutoa hukumu juu ya kilichoonekana kabla ya binadamu yeyote kukitazama. Makala haya yanaifuata safari hiyo kutokea mtaa mmoja wa Johannesburg, ambako swali la nani anayemiliki picha halijapata kuwa swali dogo.

Mtaa uliojengwa juu ya majivu

Newtown ni mtaa ulioko magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg, nchini Afrika Kusini, kando ya njia za reli zinazovukwa na daraja la Nelson Mandela. Asili yake ni moto. Mwaka 1904, baada ya kuzuka ugonjwa wa tauni, wakuu wa jiji waliwaondoa wakaazi wa makazi duni yaliyokuwa hapo, wengi wao Wahindi na Waafrika, kisha wakayateketeza makazi hayo. Waafrika walipelekwa Klipspruit, mbali upande wa kusini-magharibi, katika eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa sehemu ya Soweto. Juu ya majivu ukachorwa mtaa mpya, na jina lake likawa hilo hilo: Newtown, Mji Mpya.

Mwaka 1913 lilijengwa hapo soko kubwa la mazao. Majengo ya soko hilo ndiyo yaliyokuja kuupa mtaa sura yake ya leo. Mnamo mwaka 1976 Barney Simon na Mannie Manim waligeuza soko la zamani la matunda la Wahindi kuwa ukumbi wa Market Theatre, jukwaa lililokaidi ubaguzi kwa kuwakalisha pamoja watazamaji wa rangi zote. Mwaka 1994, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia, ikafunguliwa makumbusho ya Museum Africa, ambayo miongoni mwa hazina zake ni mkusanyiko wa Bensusan wa kamera na vifaa vya kale vya kupigia picha.

Filamu ndani ya soksi

Market Theatre ilifungua milango yake mwezi Juni 1976, siku chache tu baada ya wanafunzi wa Soweto kuandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Tarehe 16 ya mwezi huo Sam Nzima, mpiga picha wa gazeti la The World, alimpiga picha Mbuyisa Makhubo akiwa amembeba mtoto Hector Pieterson aliyepigwa risasi na polisi, huku Antoinette, dada yake Hector, akikimbia ubavuni mwao. Siku hiyo polisi walikuwa wakiwalazimisha wapiga picha kufungua kamera zao ili mwanga uingie na kuharibu filamu. Nzima aliutoa mkanda wake, akauficha ndani ya soksi, na picha ikatoka. Ilisambaa duniani kote na kuwa moja ya ushahidi mzito kuliko yote dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Nzima mwenyewe aliandamwa na polisi hata akalazimika kuihama Johannesburg. Alifariki mwaka 2018.

Soksi ile iliweza kuwa ghala la ushahidi kwa sababu ya hali ya filamu yenyewe. Filamu ilikuwa na chumvi za madini ya fedha, ambazo hubadilika zinapopigwa na mwanga. Mabadiliko hayo yakishasafishwa kwa dawa hubaki kama negativu, na negativu ni kitu: hufichwa, huvushwa mpaka, hupelekwa mahakamani, hulinganishwa na picha iliyochapwa gazetini. Tena kila hatua ilikuwa na mtu wake. Mmoja alichagua pa kusimama, mwingine akasafisha mkanda katika chumba cha giza, mhariri akachagua. Aliyetaka kubishana na picha alijua wa kumwuliza.

Picha ya lazima

Hata hivyo kamera haikuwa mikononi mwa wapigania haki peke yao. Wasikilizaji wa Kenya wanakijua kipande, cheti ambacho wakati wa ukoloni mwanamume wa Kiafrika alilazimika kutembea nacho, kikining'inia shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyake. Afrika Kusini ilikuwa na ndugu wa kipande: kitabu cha pasi. Chini ya sheria ya mwaka 1952, kila Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kitabu chenye picha yake na kumbukumbu za kazi yake, na aliyekutwa bila kitabu hicho alikamatwa. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi majengo ya serikali mjini Pretoria kupinga kuingizwa katika mfumo huo. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Lilian Ngoyi, mshonaji wa kiwandani na mwanachama wa chama cha ANC.

Teknolojia ya picha ilitumika hapo kama minyororo. Mwaka 1970, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, wafanyakazi wawili Wamarekani weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba kamera za kampuni yao, zilizotoa picha papo hapo, zilitumika kutengeneza picha za pasi Afrika Kusini. Walianzisha vuguvugu la kuisusia kampuni hiyo. Mwaka uliofuata Polaroid iliahidi kutoiuzia tena serikali ya nchi hiyo, na mwaka 1977 ikaondoka kabisa baada ya kubainika kuwa wakala wake huko alikuwa akiendelea kuiuzia serikali kwa siri. Huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kamera kuuliza hadharani: kifaa hiki tunachokitengeneza kinamtazama nani, na kwa manufaa ya nani?

Shule ya Goldblatt

Mwaka 1989, miaka 3 baada ya sheria za pasi kufutwa, mpiga picha David Goldblatt alianzisha hapo Newtown shule iitwayo Market Photo Workshop. Goldblatt alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa migodi wa Randfontein, akafariki mwaka 2018, na maisha yake yote aliyatumia kuichunguza jamii yake kwa subira. Nia yake ilikuwa kuwafungulia mlango vijana waliofungiwa na ubaguzi: wajifunze kupiga picha, na zaidi ya hapo wajifunze kuzisoma.

Shule hiyo ni sehemu ya taasisi ya Market Theatre. Wamepita humo Jodi Bieber, ambaye picha yake ya msichana wa Kiafghani ilishinda tuzo kuu ya World Press Photo ya mwaka 2010. Zanele Muholi, mashuhuri kwa picha za watu ambao jamii iliwakataa. Pamoja na Sabelo Mlangeni na Lebohang Kganye. Tena shule hiyo ilikuja kuwa na anwani katika barabara iliyoitwa Bree hadi mwaka 2014. Tangu hapo barabara hiyo inaitwa Lilian Ngoyi. Hivyo wanaojifunza kumpiga mtu picha kwa hiari yake wamekuwa wakipita katika barabara yenye jina la mwanamke aliyepinga picha ya kulazimishwa.

Ndoo za mwanga

Goldblatt alipofungua shule yake, mapinduzi yatakayoiondoa filamu yalikuwa yameshaanza kimya kimya kwa miaka 20, mbali na Newtown. Mwaka 1969, katika maabara za Bell jimboni New Jersey, Willard Boyle na George Smith walibuni kifaa cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji ya umeme. Msikilizaji afikirie safu za watu wanaozima moto kwa kupokezana ndoo za maji. Kila pikseli, yaani kila chembe ya picha, ni ndoo. Mwanga ukiingia, ndoo hujaa kiasi chake, kisha hupokezanwa hatua kwa hatua hadi kwenye mlango mmoja wa kutokea, ambako maji hupimwa. Uvumbuzi huo uliwapatia wawili hao nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2009.

Mwaka 1975 mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, alitumia kifaa cha aina hiyo kuunda kamera ya dijitali. Picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kodak, iliyokuwa ikiishi kwa kuuza filamu, haikuharakisha kuiendeleza.

Tatizo la ndoo ni kwamba zote husubiri mlango mmoja, na kuzipokezana kunakula umeme mwingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Fossum, wa maabara ya JPL ya shirika la anga za juu la Marekani NASA, alitafuta njia ya kupunguza ukubwa wa kamera za vyombo vya angani. Kikundi chake kiliipa kila pikseli transista zake, ili kila ndoo ipimwe pale pale ilipo. Kihisi cha namna hiyo, yaani kifaa kinachohisi mwanga, kiliweza kutengenezwa kwa njia zile zile za chipu za kompyuta, na saketi za kukokotoa zikakaa pamoja nacho katika kipande kimoja. Kutoka hapo kamera iliweza kuingia ndani ya simu ya mkononi.

Faida zake Afrika inazijua, hasara zake huzungumzwa kidogo. Mwezi Aprili 2012 wezi walivunja nyumba ya Zanele Muholi mjini Cape Town, wakaiba diski zaidi ya 20 zilizohifadhi takriban miaka 5 ya kazi. Hakukuwa na negativu za kurudia.

Kutoka nyumba ya chini hadi ghorofa

Kihisi cha Fossum kilikuwa kama nyumba ya chini katika kiwanja kidogo. Pikseli na saketi ziligombania eneo moja: ukiongeza jiko, sebule inapungua. Isitoshe, nyaya za chuma zilipita juu ya pikseli na kuuzuia mwanga. Mwaka 2009 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza vihisi vilivyogeuzwa kichwa chini, mwanga ukaingia kwa upande usio na nyaya. Hatua iliyofuata ilikuwa kupanda juu.

Tarehe 19 Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Siku 4 baadaye Sony ilitangaza kihisi cha matabaka mawili. Tabaka la juu lina pikseli tu, na la chini lina saketi. Kila moja hutengenezwa kivyake kwa njia inayolifaa, kwani pikseli huhitaji utulivu wa umeme ilhali saketi huhitaji transista ndogo na za kasi. Baadaye matabaka hayo hugandishwa pamoja na kuunganishwa. Hapo awali yaliunganishwa kwa vitundu vyembamba vilivyotoboa silikoni na kujazwa chuma. Tangu mwaka 2016 vilianza kuuzwa vihisi ambamo vinundu vya shaba vya tabaka moja hugusana moja kwa moja na vya tabaka jingine.

Mwaka 2017 likaongezwa tabaka la tatu katikati, la kumbukumbu ya muda, kwa ajili ya kamera za simu. Kihisi hicho cha pikseli milioni 19.3 kiliweza kusoma picha nzima kwa sehemu moja ya 120 ya sekunde, kasi mara nne ya vilivyokitangulia. Kasi hiyo ina maana kwa jicho. Vihisi vya kawaida husoma picha mstari kwa mstari, ndiyo maana mapanga ya helikopta huonekana yamepinda. Kadiri usomaji unavyoharakishwa, ndivyo upotofu unavyopungua.

Mwaka huo huo ilitoka kamera ya Sony iitwayo a9, iliyopiga picha 20 kwa sekunde pasipo sauti yoyote, na mwaka 2021 Nikon ikatoa kamera ya Z9 isiyo kabisa na pazia la kufunguka na kufunga. Ule mlio uliomtambulisha mpiga picha kwa karne nzima ukawa hiari. Kwa mwandishi wa habari aliye mazikoni, mahakamani au mbele ya askari, kimya hicho ni neema. Kwa anayepigwa picha bila kujua, ni jambo jingine.

Jicho lisilotoa picha

Mwezi Mei 2020 Sony ilitangaza vihisi vya kwanza vya aina ambayo tabaka lake la chini lina prosesa ya akili mnemba. Tabaka la juu, lenye pikseli milioni 12.3, huona, la chini hutafsiri. Anayekitumia kihisi hicho anaweza kukiamuru kitoe picha kamili, sehemu ya picha, au kisitoe picha hata kidogo bali taarifa tu: mahali hapa wamepita watu 4. Mwezi Septemba 2024 kihisi cha namna hiyo kiliwekwa katika kamera ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotumiwa sana na wanafunzi na mafundi, kwa hiyo teknolojia hii si mali ya viwanda vikubwa peke yake.

Lingekuwa kosa kuiona kuwa balaa tupu. Picha isiyotoka ndani ya chipu haiwezi kuibwa njiani wala kusambazwa. Kifaa hutumia umeme na mawasiliano machache, jambo lenye maana kubwa mahali ambapo vyote viwili ni ghali. Anayetaka kuhesabu magari barabarani hana haja ya sura za madereva.

Lakini kuna upande wa pili. Jicho linapotoa hukumu badala ya picha, hakibaki kitu cha kulinganisha na hukumu hiyo. Na majicho ya mashine yameshakosea kwa namna inayowahusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha uchunguzi wa programu tatu za kibiashara za kutambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifikia asilimia 34.7. Kampuni zilizotajwa zilipunguza makosa hayo baadaye. Zilifanya hivyo kwa sababu watafiti waliweza kuweka picha upande mmoja na majibu ya mashine upande wa pili, wakaonyesha tofauti.

Kosa lenyewe lina ukoo mrefu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikatoka kama vivuli. Fundi wa chumba cha giza aliweza kusahihisha kwa mkono. Je, ni nani atakayesahihisha ndani ya silikoni?

Hakuna kitabu cha kuchomwa

Johannesburg si mji unaoweza kuliahirisha swali hilo. Kamera za ulinzi zimekuwapo katikati ya jiji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2019 kampuni ya Vumacam ilianza kusimika mtandao mkubwa wa kamera mitaani, zenye uwezo wa kusoma namba za magari. Mwaka 2020 wakala wa barabara wa jiji alipozuia vibali vya nguzo zake, kampuni ilikwenda Mahakama Kuu na kushinda. Wanaotetea kamera hizo hutaja uhalifu, nao si wa kubezwa katika mji wenye ujambazi mwingi. Wanaozipinga hutaja historia, nao pia hawabuni.

Sheria zimeanza kufuata nyuma. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2021. Kenya ilitunga yake mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria za Afrika Kusini na Kenya zinampa raia ulinzi dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Upande wa watengenezaji, mwaka 2023 kampuni ya Leica ilitoa kamera ya M11-P, inayoitia picha muhuri wa siri tangu inapopigwa ili ijulikane imetoka wapi na imebadilishwa nini. Muhuri huo hauthibitishi kwamba picha inasema kweli. Unarudisha kidogo tu kile ambacho negativu ilikitoa bure: mahali pa kuanzia mabishano.

Mwezi Machi 1960, baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville katika maandamano ya kupinga pasi, Albert Luthuli alikichoma kitabu chake cha pasi hadharani, na Nelson Mandela naye akafanya hivyo. Wengi waliwafuata. Kitabu kile, pamoja na uovu wake wote, kilikuwa kitu ambacho aliyeonewa aliweza kukishika, kukisoma na kukitia moto mbele ya macho ya dunia. Hukumu inayopitishwa katika tabaka la chini la chipu, pasipo picha wala sauti, haina kitabu cha kuchomwa. Anayehukumiwa humo atahitaji haki ya kujua kwamba ametazamwa, kuambiwa ameonekana kuwa nani, na kupewa mtu wa kumwuliza.